Mama Aliyebaki Nyumbani na Mtoto: Habari Kutoka Buganda, 1954–1955

Somo letu la leo ni la historia. Tumezoea kusikia katika historia habari za wafalme, vita, reli na mikataba. Leo hakuna vita. Tutasikia habari za mama anayeshinda nyumbani na mtoto mdogo, mtoto ambaye ndiyo kwanza anasimama dede na kwenda tete.

Ukimwuliza mama huyo, "Wafanya kazi gani?" aghalabu atakujibu, "Sina kazi, niko nyumbani tu." Je, neno hilo "tu" ni la kweli? Yupo mtu aliyekwenda kutazama, akakaa, akaandika aliyoyaona, na alifanya hivyo hapa hapa Afrika Mashariki.

Twende Uganda, mwaka 1954. Zamani hizo Uganda ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na watu wa Buganda walikuwa na hasira na huzuni. Tarehe 30 Novemba 1953, Gavana Andrew Cohen alikuwa amemwondoa Kabaka Mutesa wa Pili katika nchi yake na kumpeleka Uingereza kwa ndege. Kabaka hakurudi mpaka tarehe 17 Oktoba 1955. Basi huo haukuwa wakati mwema kwa mzungu kupiga hodi katika nyumba ya Mganda na kuuliza habari za watoto. Hata hivyo mmoja alipiga hodi, na akakaribishwa.

Jina lake lilikuwa Mary Ainsworth. Alizaliwa Marekani mwaka 1913, akakulia Toronto katika nchi ya Kanada, na akasoma saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za watu. Tangu mwaka 1950 alifanya kazi London pamoja na daktari mmoja, John Bowlby, aliyekuwa akichunguza yanayompata mtoto mdogo akitengwa na mama yake. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewaacha watoto wengi bila wazazi, na swali hilo lilikuwa zito. Wataalamu wengi wa siku hizo walisema kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama ndiye mwenye chakula. Kwa maneno mengine, mtoto ni tumbo. Bibi Ainsworth mwenyewe alikuwa na mawazo kama hayo. Kisha mumewe akapata kazi katika chuo cha utafiti kilichokuwa Makerere, Kampala, naye akafuatana naye.

Alikuwa amesikia kwamba Waganda wakimwachisha mtoto ziwa humpeleka kwa bibi yake akae mbali na mama. Akataka kuona jambo hilo. Alipofika akakuta kwamba desturi hiyo ilikuwa imekwisha kufifia. Basi akabadili swali lake, akauliza: mtoto huanzaje kumjua mama yake na kumpenda?

Alipata nyumba 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, zenye watoto 28 ambao walikuwa hawajaachishwa ziwa. Alikwenda na mkalimani, Katie Kibuka, kwa maana hakujua Kiganda cha kutosha. Kila nyumba aliitembelea mara moja kila wiki mbili, akakaa kama saa mbili, na nyumba nyingine alizifuata hata miezi tisa. Fanyeni hesabu. Miezi tisa ni kama wiki 39, kwa hiyo alikwenda kama mara 19. Mara 19 kwa saa mbili ni saa 38 za kukaa na kumtazama mama mmoja na mtoto wake. Ni wangapi kati yetu waliokaa saa 38 wakitazama kazi ya mama?

Alikwenda alasiri, kwa sababu ndio wakati wa akina mama wa Kiganda kupokea wageni. Asubuhi mama yuko shambani kwenye migomba. Alasiri hukaa katika chumba cha wageni, na mtoto yupo. Mtoto anashuka mapajani, anatambaa, anagusa kiatu cha mgeni, anageuka kumtazama mama, anarudi. Akimshika mama kidogo, moyo unatulia, naye anakwenda tena, safari hii mbali zaidi. Mama akiinuka kwenda jikoni, mtoto anaacha kila kitu anamfuata, au analia.

Hayo kila mzazi ameyaona. Lakini Bibi Ainsworth aliyaandika mara kwa mara, nyumba kwa nyumba, mpaka akaona kwamba mawazo aliyokuja nayo hayatoshi. Mtoto yule hakuwa na njaa aliporudi kwa mama. Alirudi kama mashua inavyorudi bandarini, na kwa sababu bandari ipo, mashua yathubutu kwenda baharini. Ondoa bandari, na mashua haitasafiri.

Halafu akaona kwamba watoto wote hawakuwa sawa. Kati ya wale 28, watoto 16 walikuwa na utulivu: walicheza wakiwa na mama, wakamlilia akienda, wakapoa akirudi. Saba walilia sana hata wakiwa wamebebwa. Watano walikuwa bado hawajaonyesha dalili ya kumtambua mama kuliko watu wengine. Kwa nini tofauti hiyo? Jambo moja alilolikuta lanipendeza kuliko yote. Mama wa watoto watulivu walikuwa ndio wenye habari nyingi. Ukimwuliza mmoja, "Mtoto hajambo?" hakujibu "Hajambo" akanyamaza. Alieleza mambo madogo madogo ya mtoto huyo bila ya kuulizwa. Kadhalika walikuwa ni akina mama waliofurahia kunyonyesha.

Hapa tusimame kidogo. Elimu ile ya mambo madogo haikutoka shuleni. Ilitoka katika kutazama. Na kutazama ndiyo sehemu kubwa ya kazi ya mtu anayekaa na mtoto wa mwaka mmoja au miwili. Mtoto wa umri huo ana miguu lakini hana busara. Anavuta kitambaa na sufuria juu yake. Anakula udongo. Anauona moto unang'aa, naye anautaka. Mama anachambua mchele, lakini jicho moja liko mlangoni. Anafua, naye ameshika ncha ya nguo na mtoto ameshika ncha nyingine. Akilala mtoto, ndipo mama aanze kupika. Uji ukikaribia kuiva, mtoto ameamka. Jioni mume anarudi na kuuliza, "Umefanya nini leo?" Mama anatafuta la kuonyesha, haoni. Kazi hii ikifanywa vizuri haiachi alama: mtoto hakuungua, hakutumbukia kisimani, hakumeza kifungo. Mambo ambayo hayakutokea hayahesabiki, na wala hayalipwi.

Tusidhani kwamba upendo ulitosha kwa kila kitu. Miaka ile ile, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, walilazwa watoto wa umri huo huo, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, hawachezi, hawacheki. Huo ni ugonjwa tunaouita kwashakoo. Daktari Cicely Williams aliuandika mwaka 1933 akiwa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, na mwaka 1935 akaupa jina walilolitumia Waga wa huko, ambalo ni la ugonjwa wa mtoto anayepata mdogo wake. Angalieni watu hao walivyoona sawasawa: mtoto anaachishwa ziwa kwa sababu mwingine amekuja, naye anaanza kudhoofika. Mulago ugonjwa huo ulichunguzwa na Daktari Hugh Trowell, ambaye pamoja na Davies na Dean alitoa kitabu juu yake mwaka 1954. Sababu yake kubwa ni chakula. Ndizi za matoke zinashibisha, lakini protini yake ni kidogo, nayo protini ndiyo inayojenga mwili. Mtoto anaweza kuwa na mama mwema, akashiba, akaugua.

Mwaka 1965 kikafunguliwa pale Mulago kituo kinachoitwa Mwanamugimu. Mama alikaa hapo na mtoto wake, akajifunza kwa kupika, si kwa kuhubiriwa. Alichanganya chakula cha kila siku na maharagwe, karanga, samaki au nyama, mchanganyiko unaoitwa kwa Kiganda ekitobero. Mtoto alipona mbele ya macho ya mama, kwa chakula alichokipika yeye mwenyewe. Naona njia hiyo ilikuwa na akili, kwa maana mama hakufanywa kuwa mkosaji. Alifanywa kuwa mganga.

Turudi kwa Bibi Ainsworth. Aliondoka Uganda mwaka 1955 akaenda Baltimore, Marekani. Mwaka 1963 alianza kazi kama ile ile huko, na kwa bahati nyumba zilikuwa tena 26. Lakini watoto wa Baltimore hawakusumbuka sana mama alipotoka chumbani, kwa kuwa walizoea kumwona akitoka na kuingia siku nzima. Jambo lililoonekana waziwazi Buganda lilijificha kule. Ndipo akatunga jaribio: chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea, mama anatoka, mgeni anaingia, mama anarudi, yote katika muda wa dakika kama 20. Jaribio hilo likaenea duniani, na wanafunzi wa saikolojia wanalisoma hata leo. Kitabu chake cha Uganda kilitoka mwaka 1967, naye alifariki mwaka 1999. Wengi wanaolijua lile jaribio la Baltimore hawajui kwamba mbegu yake ilitoka kwenye nyumba za Waganda.

Wengine walibisha, na ni haki wasikilizwe. Bwana Robert LeVine na wenzake walichunguza malezi huko Kisii, Kenya, katika miaka ya 1974 hadi 1976. Huko mama alikwenda shambani, na mtoto alishikwa na dada au kaka yake, mlezi anayeitwa omoreri. Mama alimlisha na kumtunza asiugue. Kucheza na kuzungumza kulikuwa zaidi kazi ya watoto wenzake. Watoto hao walimzoea mama, na walimzoea omoreri vilevile. Kwa hiyo bandari yaweza kuwa zaidi ya moja.

Neno hilo lina uzito. Katika Ulaya na Marekani kulikuwa na watu waliochukua mafundisho ya Bowlby wakawaambia wanawake wasiende kazini kabisa. Lakini wale akina mama wa Buganda hawakuwa peke yao. Palikuwa na bibi, majirani, watoto wakubwa. Mama aliye peke yake hasa ni yule wa siku hizi, katika chumba cha kupanga Nairobi au Dar es Salaam, mlango mmoja, jiko la mkaa kibarazani, na watoto wa jirani wamekwenda shule. Akitaka kwenda kuoga, ampe nani mtoto?

Basi sasa ni wakati wa kazi. Chukueni madaftari yenu. Kila mmoja aandike sentensi tano juu ya siku ya jana, tangu jogoo alipowika mpaka taa ilipozimwa: nani nyumbani mwako alikuwa na mtoto mdogo, na alifanya nini saa kwa saa. Akina baba nao waandike. Asiyejua, aende nyumbani akaulize kwanza, ndipo aandike. Akina mama waliokuja darasani na watoto mgongoni, mwalimu awape muda zaidi, na mtu mwingine awashikie mtoto wakati wanaandika. Kwaherini.