Humphrey Bogart, mchezaji wa filme aliyefika Kongo kwa ajili ya vita ya ziwa letu

Ndugu wasomaji wa Lemera, bonde la Ruzizi na pwani yote ya Uvira, wengi wenu mnaijua Liemba, ile meli ya zamani ya Kigoma. Kuna filme moja ya Marekani iliyozaliwa kutokana na vita ya meli hiyo, na mchezaji wake mkubwa alikuja kuicheza hapa hapa Kongo mwaka 1951. Jina lake Humphrey Bogart. Leo tunaeleza maisha yake na kazi yake, na kwa nini habari zake zinatuhusu.

Alizaliwa wapi, alianzaje?

Bogart alizaliwa New York tarehe 25 Desemba 1899. Baba yake alikuwa daktari, mama yake mchoraji mwenye jina. Wazazi walitaka asome sana, lakini alifukuzwa shuleni mwaka 1918 akaingia jeshi la majini. Aliporudi alipata kazi ndogondogo kwenye ukumbi wa maigizo, kisha akaanza kuigiza mwenyewe. Miaka mingi ilipita bila mafanikio makubwa.

Mlango ulifunguka mwaka 1935. Katika mchezo The Petrified Forest alikuwa muuaji aliyetoroka gereza. Kampuni ya Warner Bros. ilipotaka kuutoa katika filme, ilifikiria kumpa mtu mwingine nafasi hiyo. Leslie Howard, mchezaji mkuu, akakataa: bila Bogart na yeye hachezi. Bogart hakusahau wema huo. Binti yake alipozaliwa mwaka 1952, alimwita Leslie.

Miaka ya jina kubwa

Baada ya hapo walimchezesha majambazi tu, filme moja baada ya ingine, na mara nyingi anauawa mwishoni. Mwaka 1941 mambo yakabadilika na The Maltese Falcon, filme ya kwanza kuongozwa na John Huston, ambaye alikuwa rafiki yake mpaka kufa.

Mwaka 1942 ikatoka Casablanca. Bogart ni Rick, mwenye baa kule Moroko, na baa yake imejaa watu waliokimbia vita ya Ulaya, wanangoja karatasi za kusafiria. Wachezaji wengi wa filme hiyo walikuwa wakimbizi wa kweli waliomkimbia Hitler. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa maana ya kungoja namna hiyo. Casablanca ilipata Oscar ya filme bora.

Mwaka 1944 alikutana na Lauren Bacall, msichana wa miaka 19, yeye akiwa na 44. Walioana mwaka 1945. Kwa Bogart hiyo ilikuwa ndoa ya nne, na ilidumu mpaka kifo chake.

Kuna jambo ambalo halikumpa sifa. Mwaka 1947 Bunge la Marekani lilianza kuwahoji watu wa sinema kama ni wakomunisti. Bogart na wenzake walipanda ndege mpaka Washington kuwatetea. Watu wa magazeti wakamshambulia, kazi yake ikawa hatarini, na baadaye akatangaza kwamba safari ile ilikuwa kosa. Kwenye filme hakuogopa mtu, lakini hapo alirudi nyuma.

Kongo, mwaka 1951

The African Queen inatoka katika kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935. Bogart ni Charlie Allnut, mlevi mwenye kimashua kibovu. Katharine Hepburn ni Rose, dada wa mmisionari aliyekufa baada ya Wajerumani kuchoma kijiji. Wawili hao wanateremka mto ili kuizamisha meli ya vita ya Wajerumani ziwani.

John Huston hakutaka kuicheza yote Ulaya. Aliwaleta watu wake kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, si mbali na Kisangani. Kisha wakaenda Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na Butiaba, Ziwa Albert. Haikuwa kazi rahisi. Siafu waliingia kambini, kimashua kilizama wakakitoa majini, na wengi waliugua matumbo juu ya maji machafu. Hepburn aliugua sana. Bogart na Huston, waliokunywa wiski kuliko maji, walibaki wazima. Bacall alifuatana na mume wake, akisaidia kupika na kutunza wagonjwa.

Kwa filme hiyo Bogart alipata Oscar yake ya pekee, mwezi wa Machi 1952. Aliendelea kucheza mpaka mwaka 1956. Sigara na pombe zilimfuata: alikufa kwa kansa ya umio tarehe 14 Januari 1957, akiwa na miaka 57.

Vita yenyewe ilikuwaje?

Ndani ya filme, wazungu wawili wanamaliza kazi peke yao. Ukweli ni mwingine. Meli ya Wajerumani iliitwa Graf von Götzen. Ilitengenezwa Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande na kuunganishwa tena Kigoma, ikaanza kazi mwaka 1915. Waingereza nao walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, kisha wakazivuta juu ya milima ya Mitumba mpaka Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo. Waliopasua njia hiyo ni wafanyakazi weusi, na filme haikuwataja.

Mashua hizo zilikamata meli Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na Hedwig von Wissmann ikazamishwa mwezi wa Februari 1916. Lakini Götzen hakuna aliyeizamisha vitani. Mwaka huo huo askari wa Force Publique walivuka Ruzizi, wakachukua Usumbura mwezi wa Juni, wakateremka kuelekea Kigoma. Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe mwezi wa Julai 1916, baada ya kupaka mashini mafuta mazito ili isioze.

Mafuta yale yalisaidia. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Mwaka 1997, baada ya vita iliyomwangusha Mobutu, HCR iliikodi meli hiyo kurudisha wakimbizi Wakongo waliokuwa Tanzania. Katika miezi mitano ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikabeba maelfu ya watu. Meli ambayo Bogart aliizamisha kwenye sinema ndiyo iliyorudisha watu wetu nyumbani. Kama mzazi wako alikuwa ndani yake, muulize akueleze. Hiyo nayo ni historia, na bado haijatengenezewa filme.