Udhaifu Wako ni Upi?

Swali hili mara nyingi huja mwishoni mwa usaili, vyeti vikiwa vimekwisha kukaguliwa na maswali ya kazi yamejibiwa. Msaili anaweka kalamu sawa, anauliza: udhaifu wako ni upi? Anayeulizwa anajua kwamba hakuitwa pale kwa ajili ya udhaifu wake, na nyuma yake kuna wenzake wengi wanaoitaka nafasi hiyohiyo. Basi anatoa sifa aliyoivisha nguo za kasoro: napenda kazi kupita kiasi, siwezi kulala kazi ikiwa haijaisha. Wasaili wanaandika. Hakuna aliyedanganyika chumbani humo, na hakuna aliyesema kweli.

Mfikirie kijana wa Kerende, wilayani Tarime. Kijiji chake kiko jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na ng'ambo ya Mto Mara ni Serengeti. Kwa kijana huyo ajira ni jambo analoliona kila siku likipita barabarani ndani ya sare na buti. Lakini amelelewa katika jamii ya Wakurya, ambako kijana akienda jando hatakiwi hata kukunja uso kisu kinapopita. Kuonyesha udhaifu mbele ya wakubwa ni aibu inayowafikia baba na ukoo. Kisha anakalishwa mbele ya watu watatu asiowajua, anaambiwa ajitaje udhaifu kwa mdomo wake mwenyewe.

Zamani hakuna aliyemwuliza. Wakurya wako pande zote mbili za mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886, na wengi walivuka kwenda kutafuta kazi Kenya. Huko, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mwajiri aliandika humo mshahara, tarehe za kuanza na kuacha kazi, na maoni yake juu ya mfanyakazi. Mtu angeweza kutembea na neno moja baya kifuani, asijue kulisoma, na kila bwana mpya akalisoma kabla hajamwuliza hata jina. Udhaifu wake ulikuwa mali ya mwingine. Kipande kilifutwa katika miaka ya 1940.

Miaka hiyohiyo ya vita, mbali na huku, Wamarekani walikuwa wakijaribu njia nyingine. Mwanasaikolojia Robert Woodworth alitunga orodha ya maswali zaidi ya 100 ya kujibiwa ndiyo au hapana, ili kuwatambua askari ambao akili zao zingeyumba chini ya mizinga. Vita viliisha kabla orodha hiyo haijatumika sana, lakini wazo lake halikufa: badala ya mkubwa kukisia kasoro za mtu, mwenyewe aulizwe. Baadaye maswali ya aina hiyo yaliingia viwandani na maofisini, na swali la usaili wetu ni ndugu wa ukoo huo.

Hata hivyo, Mara ilikuwa na njia yake ya kutaja udhaifu. Wamisionari wa Kimenoni walifika Shirati, pwani ya Ziwa Viktoria, mwaka 1934. Mwaka 1942 uamsho uliokuwa umeanzia Gahini, Rwanda, ukawaka hapo pia. Watu walisimama mbele ya wenzao wakataja makosa yao kwa majina: wizi, chuki, uongo. Mambo mawili ya uamsho huo yanatuhusu hapa. Kwanza, kukiri kulidai kurekebisha: aliyeiba alirudisha. Pili, kulikwenda pande zote: palikuwa na wamisionari wa Kizungu waliosimama kukiri majivuno yao mbele ya Waafrika.

Miaka 20 baadaye, mtu wa Butiama, mkoani humuhumu, aliipeleka tabia hiyo kwenye siasa. Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, na mwaka huohuo akaandika kijitabu kilichoitwa Tujisahihishe. Aliwaambia wana-TANU kwamba chama kinachoficha makosa yake hakiwezi kuyaondoa, na kwamba ukweli haupimwi kwa cheo cha anayeusema. Mwaka 1977, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, hakuona haya kusema kuwa nchi ilikuwa bado haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea.

Kati ya nyakati hizo mbili ulikuja Mwongozo wa TANU wa 1971. Kifungu chake cha 15 kilikataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani walikisoma vizuri. Baadhi yao waligoma, wengine wakawafungia mameneja nje ya lango, wakisema udhaifu wa huyu bwana ni huu na huu. Serikali haikulivumilia jambo hilo kwa muda mrefu. Lakini kwa kipindi kifupi swali liligeuka likamwelekea aliyezoea kuuliza.

Ukiyaweka hayo pamoja, unaona kwa nini swali la usaili linaumiza. Limechukua kukiri, likaacha kurekebisha. Limemweka mmoja tu kwenye kiti cha kujieleza. Ndiyo maana watu wanafundishana jibu la uongo, na jibu hilo limekuwa kama sare.

Ipo njia nyingine. Mtu ataje kasoro moja ya kweli inayohusu kazi, aseme iliharibu nini, kisha aonyeshe anairekebishaje. Kwa mfano: nilikuwa naona haya kuuliza; nikiwa stoo nilijaza fomu nisiyoielewa, tukalazimika kuhesabu mali upya; siku hizi nauliza kabla sijaanza, na maelekezo nayaandika kwenye daftari. Hapo hakuna kujidhalilisha. Hata aliyefundishwa kutokunja uso anaweza kulitoa jibu hilo akiwa ameketi wima.

Lakini mzigo si wake peke yake. Msaili anayemkata maksi mkweli na kumpa kazi mwenye sifa zilizovishwa nguo amewafundisha vijana wote walioketi nje kwenye benchi jinsi ya kusema. Na akimaliza kuuliza, si vibaya naye aulizwe: hapa kazini kwenu, udhaifu ni upi, na mnaurekebishaje?