PUMU YA NGOZI MIKONONI, SEHEMU YA 3: Hii krimu ilitoka wapi?

Jamani, tuendelee. Wengi mmeniuliza swali moja: "Nesi, hii krimu ya cheti ni dawa au ni sumu?" Jibu liko kwenye historia yake. Kaa vizuri nikusimulie.

Septemba 1948, mjini Rochester, Minnesota, Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimchoma sindano za kotisoni dada wa miaka 29 aliyelazwa na baridi yabisi. Siku chache baadaye akatembea! Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa tuzo ya Nobel. Na siyo kitu cha ajabu kwa mwili wako: ni ukoo wa homoni ambazo tezi zilizo juu ya figo hutengeneza kila siku.

Ila furaha ile iliingia mchanga. Kwa dozi kubwa, wagonjwa walivimba uso, na wengine akili ikavurugika.

Madaktari wa ngozi wakajiuliza: ugonjwa uko juu ya ngozi, kwa nini dawa izunguke mwili mzima? Wakajaribu kupaka kotisoni. Wapi! Ngozi haiwezi kuigeuza vizuri iwe dawa inayofanya kazi. Mwaka 1952, Marion Sulzberger na Victor Witten wakaeleza kwamba ndugu yake, haidrokotisoni, ukiipaka inafanya kazi. Hapo ndipo krimu yako ilipozaliwa.

Baada ya hapo viwanda vikashindana kutengeneza zenye nguvu zaidi: betametasoni, halafu klobetazoli. Zilisaidia watu wengi. Lakini kadiri nguvu ilivyopanda, na madhara yakaonekana: ngozi kuwa nyembamba, mistari kama ya mimba, vipele kuzunguka mdomo.

Sasa sikiliza hapa. Mwaka 1967, Feldmann na Maibach walipima haidrokotisoni inavyopenya sehemu mbalimbali za mwili. Paji la uso lilipitisha mara 6 ya mkono chini ya kiwiko. Kiganja kilipitisha kidogo kuliko huo mkono. Korodani? Mara 42! Ndiyo maana kiganja chako kinaweza kuandikiwa krimu kali, na krimu hiyohiyo ukiipaka usoni inakuharibu. Tatizo siyo tyubu, ni mahali unapoipaka.

Mwaka 1968, Ive na Marks walionyesha fangasi iliyopakwa steroidi: wekundu unapungua, mwasho unatulia, kumbe fangasi inaendelea kutambaa ikiwa imejificha. Kwa hiyo kama unawashwa mkono mmoja tu, usiazime krimu ya jirani. Nenda ukaangaliwe.

Na ile hofu ya "nipake kiasi gani"? Mwaka 1991, Long na Finlay wa Uingereza walituletea kipimo cha ncha ya kidole: kamua mstari wa dawa kuanzia kwenye ncha hadi mkunjo wa kwanza wa kidole cha shahada cha mtu mzima. Ni kama nusu gramu. Kinatosha mkono mmoja, kiganja na mgongo wake pamoja na vidole. Mikono miwili, vipimo viwili. Basi.

Kwa hiyo wewe mwenye pumu ya ngozi mikononi:

1. Paka idadi ya mara na siku ulizoandikiwa. Ukiona nafuu, usiendelee miezi kwa mazoea. Rudi ukaulize namna ya kupunguza.
2. Mafuta ya kulainisha ngozi hayana likizo. Yapake kila unaponawa, ila yaache yanywewe kama nusu saa kabla ya kupaka krimu.
3. Usifunike na nailoni wala glavu baada ya kupaka, mpaka uambiwe. Kufunika kunaongeza nguvu ya dawa.
4. Usiguse macho ukiwa na dawa mikononi.
5. Usaha, maumivu makali, joto? Kituo cha afya, leo.

Kuna wanaoiogopa krimu mpaka mikono inapasuka na kutoa damu, kazi inawashinda. Na kuna wanaochanganya klobetazoli kwenye mkorogo, wanajipaka uso na mwili mzima kila siku ili wang'ae. Tyubu ni ileile. Mmoja anaumia kwa kuikosa, mwingine kwa kuizidisha. Wewe ishike katikati, kama ulivyoandikiwa.

Sehemu ya 4: glavu za kufulia na kuoshea vyombo. Una swali? Liache hapo chini, nitapita jioni nikitoka zamu.