Padri Busa, mashini, na kazi ya kujifunza lugha

Tumekwisha kuona wafratri wakiuliza mashini yenye akili maana ya maneno ya Kilatini ao ya Kifaransa. Wengine wanafikiri jambo hili limezaliwa jana. Sivyo. Tufuate njia yake, tupate fundisho.

Padri Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia, alichungua mafundisho ya Mtakatifu Thoma wa Akwino juu ya kuwapo. Aliona kwamba neno dogo la Kilatini «in» linabeba maana kubwa, akaandika kwa mkono kadi karibu 10,000. Mwaka 1949 alikwenda New York kwa Thomas Watson, mkubwa wa IBM, kuomba msaada wa mashini. Kisha, huko Gallarate, wasichana walitoboa kadi za mashini, neno kwa neno. Matunda ya kazi ile ni Index Thomisticus: vitabu 56, maneno karibu milioni 11.

Mwaka 1954 IBM na chuo kikuu cha Georgetown walionyesha mashini iliyogeuza sentensi zaidi ya 60 za Kirusi katika Kiingereza. Ilijua maneno 250 na sheria 6 tu. Watu walishangilia, lakini mwaka 1966 wataalamu wa Marekani walisema kwamba mtu anafasiri vizuri na upesi kuishinda.

Mashini za leo, kama ChatGPT iliyotokea mwaka 2022, zinasomeshwa maandiko mengi mno, mpaka zinaweza kukisia neno linalofuata. Kwa hiyo Kifaransa zinakijua sana; Mashi ao Kibembe zinakosea, sababu maandiko yake ni machache. Tena hukosea bila kusitasita.

Padri Busa hakuomba mashini ifikiri pahali pake. Aliandika kadi zake kwanza. Mfratri naye afasiri kwanza mwenyewe, kisha aombe mashini imwonyeshe makosa na sababu zake. Msaada wa namna hii ni mwema, hasa pasipo mwalimu. Lakini akiiachia kazi yote, labda atashinda mtihani, na siku mgonjwa atakapoungama kwa lugha ya mama yake, atafanya nini? Siri ya kitubio haipelekwi katika mashini. Lugha ile tutaipata vijijini, kinywani mwa walimu wa dini na wazee, kwa kusikia, kukosea na kusahihishwa.