Chopa iliyombeba balozi

Wadau, poleni kwa ukimya, majaribio yalitubana vibaya. Leo nawaletea kitu nilichokutana nacho nikijiandaa kwa semina ya Vita Baridi.

Mnaikumbuka ile picha ya watu wamepanga foleni kwenye ngazi juu ya paa, chopa inawasubiri? Mwenzangu wa chumbani anaapa kwamba ni ubalozi wa Marekani, Saigon. Na mimi nilijua hivyo hivyo. Kumbe wapi! Hubert van Es aliipiga tarehe 29 Aprili 1975 kwenye jengo la ghorofa, namba 22 mtaa wa Gia Long, na ile chopa ilikuwa ya Air America, shirika la ndege la CIA.

Chopa iliyomtoa balozi ni nyingine kabisa, na haikutupwa. Ni CH-46 Sea Knight ya Marines, namba 154803, redioni ikiitwa Lady Ace 09. Ina mapangaboi mawili, moja mbele na jingine nyuma, utadhani basi lililoota mabawa ya ajabu. Ilipostaafu ikapakwa rangi za enzi za Vietnam, ikawekwa nje juani kwenye makumbusho ya Flying Leathernecks, Miramar, San Diego. Makumbusho hayo yalifungwa pale mwaka 2021, mpango ukawa kuhamia Irvine.

Sasa sikilizeni. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Aprili chopa zilikuwa zinakwenda na kurudi kati ya Saigon na meli baharini. Kwa chini ya siku moja zilitoa watu kama 7,000, si mchezo. Lakini balozi Graham Martin alikuwa hataki kuondoka. Mwishowe rubani, Kapteni Gerry Berry, akatua na amri ya Rais Ford: balozi apande. Saa 10:58 alfajiri wakaruka kuelekea meli ya USS Blue Ridge.

Hapo ndipo wengi humalizia hadithi. Mimi nimekwama uani. Chini pale kulikuwa na watu kama 420 waliokuwa wameahidiwa kabisa kwamba nao watachukuliwa. Wengi Wavietinamu, na walikuwemo wanadiplomasia wa Korea Kusini. Marines wakarudi nyuma taratibu, wakaingia ndani, wakafunga milango, wakapanda juu ya paa. 11 wa mwisho wakaondoka saa 1:53 asubuhi. Wale wa uani wakabaki wanatazama angani. Wakorea watatu walifungwa, hawakuachiwa mpaka 1980.

Simlaumu Berry, jamani, yeye alitumwa. Ila ukisimama mbele ya chopa ile utaoneshwa aliyepanda tu.

Kesho nawasilisha, nimepewa dakika kumi. Naanza na wale 420, balozi atasubiri zamu yake.