Tarehe ya Mnyama wa Chupani

Katika Marekani ya leo, ambako jamaa nyingi huwasomesha watoto wao nyumbani, si ajabu kuona juu ya meza ya chakula, sahani zikisha kuondolewa, sinia lenye nta, mkasi, kibano na pini, na katikati yake chura, moyo wa kondoo au jicho la ng'ombe, vilivyonunuliwa vikiwa vimetiwa dawa visioze. Aghalabu watu husifu ukali wa kisu na werevu wa mwalimu; walakini mwenye kuitazama tarehe ya jambo hili ataona kwamba kilichoifikisha elimu hiyo nyumbani ni dawa.

Kupasua wanyama ni desturi ya kale. Tabibu Galen, Myunani aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, alipasua nguruwe na nyani, akayakisia maumbile ya binadamu kwa aliyoyaona humo, na makosa yake yakafuatwa kwa zaidi ya miaka elfu, hata Andreas Vesalius alipoyasahihisha katika kitabu chake cha mwaka 1543. Lakini nyama haingoji: matabibu wa Ulaya iliwalazimu kusubiri majira ya baridi, wakaanza na matumbo kwa kuwa ndiyo yatanguliayo kuoza, na wanafunzi wakatazama kwa mbali pasipo kugusa.

Katika miaka ya 1660 Robert Boyle wa Uingereza alieleza jinsi spiriti ya mvinyo inavyohifadhi viumbe, na baadaye Frederik Ruysch wa Amsterdam akaistawisha kazi hiyo hata Peter Mkuu, mfalme wa Urusi, akainunua hazina yake ya chupa mwaka 1717. Ila spiriti ilikuwa ghali, nayo huisinyaza nyama na kuipausha, hivyo elimu ikabaki makabatini mwa wakwasi. Hata Thomas Huxley, aliyewapa walimu wa skuli visu mikononi mwao huko London mwaka 1871, alihitaji vyura na kamba wa mtoni waliouawa karibuni.

Mlango ulifunguka mwaka 1893, pale Ferdinand Blum wa Frankfurt, akiijaribu formalini, yaani maji yenye formalidehaidi, kama dawa ya kuua vijidudu, alipotambua kuwa ngozi ya vidole vyake imekakamaa. Dawa ile huzifunganisha protini za mwili hata vijidudu vya uozo visiweze kuzila. Nayo ilikuwa rahisi, ikatosha kuchanganywa sehemu moja kwa tisa za maji.

Thamani yake ilidhihirika hata katika Bahari yetu ya Hindi. Mwaka 1938, samaki wa kale aitwaye silakanti alipovuliwa Afrika Kusini, matumbo yake yalitupwa kwa kukosa formalini ya kutosha. Mwaka 1952 alipatikana wa pili katika visiwa vya Komoro, na Eric Hunt, nahodha aliyefanya biashara baina ya Unguja na visiwa hivyo, alimtia chumvi kwanza kama mvuvi atengenezaye ng'onda, kisha akamdunga formalini. Maana chumvi huiokoa nyama kwa mlaji, bali umbo la viungo kwa msomi lataka dawa nyingine.

Biashara ya wanyama hao nayo ilikuwa imekwisha kuanza. Kampuni ya Carolina Biological Supply, iliyoasisiwa mwaka 1927, ni miongoni mwa zilizowauzia wanafunzi wanyama waliohifadhiwa, mwishowe hata majumbani. Pingamizi nazo zikaja: sheria ya California ya mwaka 1988 ilimpa mwanafunzi haki ya kukataa kupasua kwa ajili ya dhamiri yake, na mwaka 2004 wataalamu wa kimataifa wa saratani waliihesabu formalidehaidi kuwa yenye kumletea binadamu maradhi hayo.

Basi mzazi atakaye kumfunza mwanawe kwa njia hii na afungue madirisha, avae glavu, auoshe mzoga wa mnyama kwa maji mengi, wala asimlazimishe mtoto ambaye moyo wake umekataa.