Mikorosho iliyostahimili ubwiriunga

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho ghafi. Kwa kutarajia neema hiyo iendelee, nchi ikafikisha viwanda 12 vya kubangua, kimoja kikiwa Kibaha. Lakini msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000, na viwanda vikakosa cha kubangua.

Sababu zilikuwa nyingi. Operesheni Vijiji iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, mashamba yakaota pori, na bei haikumvutia mtu kwenda kupalilia. Hata hivyo, aliyebaki na shamba lake, awe Kisarawe au Newala, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa na adui mwingine: ubwiriunga.

Ugonjwa huu huletwa na vimelea vya ukungu vinavyoshambulia sehemu changa tu za mti. Hupenda ubaridi na umande wa Juni hadi Septemba, wakati uleule mkorosho unapochanua. Kishada cha maua hufunikwa na unga mweupe wa kijivu, maua hunyauka kabla ya kufunguka, kisha kishada kizima hukauka na kuwa cheusi. Mkulima huona mti umechanua vizuri, halafu asiokote kitu.

Dawa ya kwanza ilikuwa salfa. Ilipulizwa kwa mashine alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa bado na umande wa kuushika unga wake. Ilifanya kazi, na bado inafanya. Lakini salfa na petroli ya mashine ni gharama ya kila msimu, na unga unaoanguka huongeza tindikali ya udongo. Mkulima wa ekari mbili angemudu hadi lini?

Ndipo watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, walipoitazama upya mikorosho yenyewe. Mingi ilikuwa imepandwa kwa mbegu, kwa hiyo hakuna mti uliofanana kabisa na jirani yake. Ndani ya shamba lililounguzwa na ugonjwa ulikuwepo mti uliozaa. Vikonyo vyake vilikatwa, vikapandikizwa kwenye miche, na miti hiyo ikapimwa sehemu mbalimbali, hadi Chambezi, Bagamoyo.

Kupima si kuangalia na kuondoka. Vishada huwekewa alama, na kila mara mtafiti hukadiria ni sehemu gani ya kishada imefunikwa na unga. Tena kuna mtego: mkorosho unaochanua mapema unaweza kuwa umeukwepa ugonjwa tu, haujaustahimili. Ndiyo maana jaribio hurudiwa msimu baada ya msimu, udongo huu na ule. Kwangu mimi, uvumilivu huo ndio uliookoa zao kuliko tani zote za salfa zilizoletwa kwa meli.

Dk. Peter Masawe, aliyeongoza uzalishaji wa aina bora za mikorosho Naliendele, na wenzake waliidhinishiwa aina 54. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000, ingawa bei nzuri na mashamba mapya navyo vilichangia.

Mwenye mikorosho mizee Kisarawe hahitaji kuing'oa. Huukata mti, huacha kisiki kichipue, kisha hupandikiza kikonyo cha aina bora kwenye chipukizi. Mizizi ya zamani hubaki kazini, na mavuno huanza mapema kuliko ya mche mpya.